Dk. John Williamson wa Mwadui: mtafiti aliyefunikwa na hadithi ya mbuyu

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza ukafika Maganzo, hata mtoto mdogo atakueleza habari za Mzungu wa almasi. Gari lake lilikwama kwenye matope. Akaketi chini ya mbuyu kupumzika. Akaona jiwe linang'aa. Akawa tajiri. Hadithi imeishia hapo, na mara nyingi kazi ya historia aliyopewa mtoto huyo shuleni nayo imeishia hapo: sentensi nne, alama 7 kati ya 10.

Tumeona tuyasimulie maisha ya mtu huyu upya. Alikuwa mtafiti hasa, na utafiti wake mkubwa aliufanya hapa hapa kwetu, kati ya Misungwi na Kishapu, kwa miguu na kwa karai la kuchekechea udongo. Tena shule zetu sasa zinafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wanafunzi wanatumwa kukusanya habari za mahali wanapoishi. Kazi kama hizo zinaweza kumfungua mtoto akili, na zinaweza pia kuwa kunakili tu. Wanaoleta tofauti ni watu wawili: mwalimu anayetunga swali, na mtu anayetunza vitabu vya shule. Katika shule nyingi za vijijini mtu huyo si mkutubi aliyesomea Bagamoyo. Ni mwalimu wa Kiswahili au wa Jiografia aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati moja. Sisi tutamwita mkutubi hivyo hivyo, maana kazi ni ile ile.

Kijana aliyetaka kuwa mwanasheria

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal nia yake ilikuwa kusomea sheria. Akiwa mwanafunzi alikwenda Labrador, sehemu ya baridi kali kaskazini mashariki mwa Kanada, pamoja na watu waliokuwa wakichunguza miamba. Aliporudi sheria ilikuwa imemtoka moyoni. Akahamia jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, akaisoma mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933.

Hapa tusimame kidogo. Wapo wanaodhani aliitwa Daktari kwa kuwa alikuwa tabibu. Hakuwa tabibu. Udaktari wake ulikuwa wa kitaaluma, kama wa mhadhiri wa chuo kikuu. Ni jambo dogo, lakini mwanafunzi akiliandika vibaya mwanzoni, sura nzima ya mtu inapotoka: badala ya kumwona mtaalamu wa miamba aliyekuja akijua anachotafuta, anamwona mganga mpita njia aliyebahatika.

Baada ya masomo alikuja kufanya kazi ya kutafuta madini kusini mwa Afrika, huko Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Kutoka huko, katikati ya miaka ya 1930, akaja Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Swali la Mabuki

Almasi za Mabuki zilikuwa zikijulikana tangu miaka ya 1920. Zilikuwepo, lakini hazikuwa nyingi kiasi cha kumtajirisha mtu. Kampuni iliyomwajiri Williamson ilikata tamaa na eneo lile. Yeye akakataa kuondoka. Akaichukua Mabuki mwenyewe, akawa anachimba almasi kidogo kidogo ili apate fedha za kuendelea kutafuta kitu kikubwa zaidi.

Ni kitu gani? Lazima tueleze kidogo, la sivyo maisha yake hayaeleweki. Almasi huundwa chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 100, ambako kuna joto na mgandamizo mkubwa mno. Zamani za kale sana miamba iliyoyeyuka ilipanda kwa nguvu kutoka huko na kuzibeba hadi karibu na uso wa ardhi. Njia iliyopitia ikaganda na kuwa kama bomba lililosimama wima, pana juu na jembamba chini, mfano wa karoti. Mwamba wa bomba hilo huitwa kimbalaiti, kutokana na mji wa Kimberley wa Afrika Kusini. Mvua za miaka mingi hula sehemu ya juu ya bomba na kuzitawanya almasi mitoni na mabondeni. Kwa hiyo anayeokota almasi mojamoja bondeni anaokota chembe zilizoanguka njiani, na ghala lenyewe liko mahali pengine.

Swali la Williamson lilikuwa hilo: ghala liko wapi? Watafuta almasi wa wakati ule walikuwa na njia ya kulijibu. Almasi ni haba mno hata ukichekecha udongo mwingi unaweza usiione. Lakini kimbalaiti hutoa pia madini mengine yasiyo na bei, kama vijiwe vyekundu vya ganeti na punje nyeusi za ilmenaiti, na hayo ni mengi. Unachukua udongo mahali, unauosha, unahesabu punje, unaandika kwenye ramani. Unasogea, unafanya tena. Punje zikizidi unajua unakaribia. Zikipungua unarudi nyuma. Wachekechaji wa Maganzo wanaosoma makala haya wanaijua kazi ya karai vizuri kuliko sisi. Kinachoongezeka hapa ni kalamu na ramani.

Sasa turudi darasani. Mwalimu akiuliza nani aligundua almasi ya Mwadui na mwaka gani, jibu lake ni majina mawili na tarakimu nne, na simu italitoa kabla maji ya chai hayajachemka. Wanafunzi 60 wataleta karatasi 60 zinazofanana. Mkutubi akishirikishwa mapema, kabla swali halijaandikwa ubaoni, anaweza kushauri libadilishwe. Kwa nini kampuni yenye fedha iliondoka Mabuki, na mtu mmoja asiye na fedha akabaki? Alijuaje atafute upande gani? Swali la namna hiyo haliokotwi kwenye mstari mmoja. Litamfanya mwanafunzi afungue kitabu cha Jiografia kwenye sura ya miamba, atazame ramani ya Kanda ya Ziwa, apime umbali kutoka Mabuki hadi Mwadui, na huenda akamuulize mjomba wake anayechekecha jinsi anavyojua udongo wenye dalili.

Kwa bahati mbaya mkutubi huitwa mwishoni, wanafunzi wakiwa tayari wamejazana mlangoni wakitaka kitabu ambacho kabatini hakimo. Mwalimu naye hana kosa kubwa. Hakuna aliyemwambia kilichomo. Dakika 10 za watu wawili kukaa na kukagua kabati pamoja, wakajua vitabu gani vipo na vipi havipo, zingebadilisha kazi ya muhula mzima.

Miaka ya dhiki, na watu waliosahaulika

Williamson alitafuta kwa miaka kadhaa. Aliugua malaria. Aliishiwa fedha, akaishi kwa mikopo. Aliyemsimamia wakati huo alikuwa I. C. Chopra, wakili mwenye asili ya India aliyekuwa na ofisi Mwanza. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa mambo ya sheria, na baadaye akawa na hisa katika kampuni ya mgodi. Katika hadithi ya mbuyu Chopra hayumo kabisa. Wala hawamo Wasukuma waliobeba udongo, waliouchekecha, walioonyesha njia na mabwawa ya maji. Mtu mmoja hawezi kuchukua sampuli za udongo katika nchi pana kama ile peke yake.

Mwezi Machi 1940 bomba likapatikana Mwadui. Na hapa ndipo masimulizi yanapogawanyika. Wapo wanaosema ni gari lililokwama. Wapo wanaosema ni mbuyu. Wapo wanaosema jiwe la kwanza liliokotwa na mfanyakazi wake Msukuma, si na yeye. Tumekwisha kusikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili kwa sauti za juu, kila mmoja akiapa kwamba babu yake alikuwepo.

Sisi hatuoni kwamba masimulizi haya ni hasara kwa shule. Ndiyo mali yenyewe. Darasa linaweza kugawanywa, kila kundi likafuatilia simulizi moja na kuuliza: nani analisema, alilipata wapi, na yeye aliona au aliambiwa? Mkutubi anaweza kuwachorea wanafunzi daftari lenye safu tatu. Ya kwanza: nimesikia au nimesoma nini. Ya pili: kutoka kwa nani, lini, ukurasa gani. Ya tatu: nimelithibitisha wapi kwingine. Safu ya tatu ikibaki tupu, mwanafunzi asione aibu. Aandike kwamba haijathibitishwa, na mwalimu ampe alama kwa ukweli huo. Alama zikitolewa kwa insha ya mwisho tu, watoto watanakili. Zikitolewa pia kwa daftari, watatafuta.

Tuchukue hesabu rahisi. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwezi Machi 1940 leo ana miaka 95 au zaidi. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 anayeapa kwamba aliliona jiwe la kwanza hakuwa amezaliwa. Si kwamba ni mwongo. Anasimulia alichosimuliwa, na hilo nalo lina thamani yake, ila liandikwe hivyo. Lakini mzee huyo huyo anaweza kuwa shahidi kamili wa Mwadui ya miaka ya 1960: ukaguzi wa getini, mishahara, duka, mechi za mpira. Aulizwe hayo. Na mtoto asifike na daftari mkononi akianza na maswali. Aanze na mwangaluka, aulize hali ya nyumbani, akae. Habari zitakuja zenyewe.

Simu nayo ina mtego wake. Mwanafunzi akikuta habari moja katika sehemu tano huona amepata mashahidi watano. Mara nyingi ni mmoja tu, wengine wanne wamemnakili. Dalili yake ni kwamba wanatumia maneno yale yale na kukosea mahali pale pale. Kipindi kimoja cha dakika 40, mkutubi akiwaonyesha wanafunzi kurasa mbili za namna hiyo zikiwa sambamba, kinatosha kuwafungua macho.

Mgodi na mji wenye uzio

Bomba la Mwadui lilikuwa kubwa kuliko yaliyokuwa yakijulikana. Upana wake juu ya ardhi ni takriban hekta 146, sawa na viwanja vya mpira 200 hivi. Shimo mashuhuri la Kimberley lina hekta 17 tu. Dunia ilikuwa vitani, mashine zilikuwa adimu, na almasi zilihitajika sana kwa ajili ya kukata na kusaga vyuma viwandani. Williamson alianza kwa vifaa vya kuunga unga. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds ikaandikishwa.

Katika miaka iliyofuata akajenga mji mzima: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme, bwawa la maji, uwanja wa ndege. Mji ulizungushiwa uzio, na kuingia na kutoka kulikuwa kwa ukaguzi mkali. Hakuoa. Wanaoeleza tabia yake humtaja kama mtu mkimya, asiyependa wageni wala waandishi, aliyependa kukaa na kazi yake.

Lakini kabla ya uzio, nani aliishi pale? Nani alilima, nani alichunga, na waliondokaje? Hili ni swali ambalo tungependa kuona shule za Kishapu zikilifanyia kazi, maana vitabu vingi vinavyomsifu Williamson vinaanza hadithi siku almasi ilipopatikana, kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Wazee wa vijiji vya jirani wana masimulizi ya koo zao. Habari za watemi wa Usukuma na sheria za ardhi ziliandikwa na Hans Cory, mtafiti wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafaili ya utawala wa zamani yako Nyaraka za Taifa. Ripoti za miamba ziko kwa taasisi ya jiolojia Dodoma. Mwanafunzi wa kidato cha pili hatakwenda huko, tunajua. Lakini mkutubi anaweza kuandika barua moja yenye muhuri wa shule na kuuliza kama nakala inaweza kupatikana. Anaweza pia kuanzia maktaba ya mkoa mjini Shinyanga, ambako nauli ni ya siku moja.

Jiwe la waridi

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi yenye rangi ya waridi, uzito wa karati 54.5. Mwaka huo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa anaolewa. Williamson akampa jiwe hilo kama zawadi ya harusi. Lilikatwa London, likabaki na karati 23.6, na baadaye likawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Karati 5 ni gramu 1. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kupiga hesabu: jiwe ghafi lilikuwa na gramu 10.9, na baada ya kukatwa likabaki na gramu 4.72. Zaidi ya nusu ya jiwe iliishia kwenye vumbi na vipande vya fundi. Tumekwisha kusikia likielezwa kama jiwe kubwa kama ngumi. Gramu 11 haziwezi kuwa ngumi. Hesabu ya dakika tano inaondoa maneno ya miaka 70.

Shule za Geita na swali lao

Tunajua wasomaji wetu wa Geita wameanza kuuliza wao wamo wapi. Wamo. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi mkubwa wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Katikati kuna miaka 34. Ni nani walichimba wakati huo, kwa zana gani, na waliuza wapi? Swali hili lina mashahidi walio hai, wengi, wenye kumbukumbu nzuri. Kwa maoni yetu ni swali bora zaidi hata kuliko la Williamson.

Ila jambo moja mwalimu na mkutubi waliandike juu kabisa ya karatasi ya kazi: hakuna mwanafunzi kwenda duarani, kwenye karasha wala kwenye mwalo. Maduara huporomoka, na zebaki haionekani inapoingia mwilini. Mahojiano yafanyike nyumbani kwa mzee au shuleni, kwa ruhusa ya mzazi. Na mchimbaji asiulizwe anaweka wapi mali yake. Mtoto anayeuliza hivyo atafukuzwa, na haki yao.

Ugomvi na De Beers, kisha kifo

Biashara ya almasi duniani wakati huo ilishikwa na kampuni moja kubwa, De Beers ya Afrika Kusini. Ilinunua almasi za wachimbaji wengine, ikapanga kiasi kitakachoingia sokoni, na kwa njia hiyo ikapanga bei. Williamson alikataa kuwauzia mgodi. Alikubali kuuza almasi kupitia kwao, kisha wakagombana juu ya bei na kiwango alichoruhusiwa kuuza. Kuna kipindi alizizuia almasi zake kabisa, akaziweka akiba, hadi makubaliano mapya yalipofikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni wachache walioweza kuitunishia misuli kampuni hiyo na kubaki wamesimama.

Saratani ya koo ndiyo iliyomshinda. Alifariki Mwadui mwezi Januari 1958, akiwa na miaka 50. Hakuacha mke wala mtoto. Mali ikaenda kwa ndugu zake, na kaka yake Percy ndiye aliyeongoza mazungumzo ya kuuza.

Mwaka huo huo mgodi ukauzwa. Nusu ilichukuliwa na serikali ya Tanganyika, iliyokuwa bado chini ya Waingereza. Nusu nyingine ilichukuliwa na De Beers.